Pua ya Mpishi wa Sukari Nguru

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi ubongo unavyotambua harufu. Ukinikuta kwenye sherehe uniulize nafanya nini hasa pale chuoni, nitakwambia nanusisha watu vitu, halafu nitakuacha ucheke. Wengi hucheka. Lakini kuna ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono, na mara nyingi pua hupungua nguvu miaka kadhaa kabla ya mkono kuanza kutikisika. Ndiyo maana tunapima pua.

Mwaka jana mkono wa kulia wa baba yangu ulianza kutetemeka. Nilisikia kikombe chake kikigonga sahani. Baba ni mpishi wa sukari nguru kule Malava. Husimama kando ya karai kubwa la maji ya miwa yanayochemka, na pua yake ndiyo huamua wakati wa kuepua. Akichelewa kidogo tu, karai zima linaungua na kuwa chungu. Hana kipimajoto, wala hajawahi kukitaka.

Jumamosi moja nikampelekea sanduku letu la vipimo, lililotoka ng'ambo, limejaa kalamu zenye harufu. Unanusa kalamu, unasomewa majibu manne, unachagua moja. Ya kwanza ilikuwa karafuu. Akasema hapo ni kwa daktari wa meno. Nikamwomba achague katika yale manne, akasema hakuna hata moja la kweli. Ya lavenda akaiita dawa ya kupigia deki. Ya waridi, sabuni ya kuwekea wageni. Nami, mtaalamu mzima, nikawa naandika maneno yake kwenye fomu na kuweka alama ya kosa baada ya kosa. Tulipomaliza alikuwa amekosa zaidi ya nusu. Aliponiuliza nimeona nini, nilimwambia matokeo bado. Nilimdanganya, na alijua.

Wiki nzima nilikuwa mkali kwa kila mtu ofisini. Niliogopa kwamba pua ile inakufa, na kwamba siku moja wenzake watamwondoa kwenye karai kwa upole. Kisha nikaitoa fomu yake nisome alichosema, si alama nilizompa. Mafuta ya karafuu ndiyo madaktari wetu wa meno hutumia. Dawa ya deki inayouzwa Shieywe ninakokaa ni ya lavenda, nami mwenyewe huinunua. Baba alikuwa amenusa sawasawa. Majibu yake ndiyo hayakuwemo kwenye karatasi yetu.

Nikarudi Malava na chupa sita nilizozifunga kwa karatasi nyeusi. Wenzake wakanichotea kutoka karaini, kila chupa kwa hatua yake, kuanzia maji mabichi ya miwa mpaka yaliyoungua. Hizo zilikuwa tano. Ya sita, kwa ujanja wetu sisi watafiti, niliijaza kwenye mtambo wa jirani, ng'ambo ya barabara. Zote zikapoa. Nikamfunga baba macho kwa leso.

Tano alizipanga kwa mfuatano wake bila kusita, ingawa mkono ulitetemeka hadi chupa zikagongana. Ya sita akaishika muda mrefu. Akanusa, akaishusha, akanusa tena. Halafu akatabasamu, akaniita mama kama anavyoniita siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Hii si yetu, mama," alisema. "Hii ni ya jirani. Hao wanachomanga makapi ya miwa ikiwa bado mbichi, moshi inaingia kwa sukari."

Nilijivuna mpaka nikashindwa kuandika. Nilipoinusa chupa ile mwenyewe sikusikia moshi wowote, nikamwambia hivyo, akanicheka vizuri sana. Mkono bado tunaufuatilia kliniki, na sijui utatufikisha wapi.

Tangu shule ya msingi, kila nilipoulizwa kwenye fomu kazi ya mzazi, nilikuwa nikiandika "mkulima". Niliona ndivyo inavyosomeka vizuri. Jumatatu ile nilisimama mbele ya wenzangu wote, nikawaambia kwamba sanduku letu lazima litengenezwe upya kwa harufu za hapa, na kwamba tayari nina mtu wa kutushauri. Mkuu wetu akauliza ni mtaalamu wa nini. Nikamjibu kwamba ni mpishi wa sukari nguru, naye ni baba yangu.