Trei ya Mlango wa Bibi

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Tangu anioe alikuwa akitengeneza trei za kuandalia chakula kwa mbao za nyumba zilizobomolewa. Kariakoo ya miaka ile haikukosa nyumba ya kubomoa. Kila ghorofa lililopanda lilianza kwa kushushwa nyumba ya zamani, na humo mlitoka milango ya mvule, fremu za mninga na kenchi ngumu za paa zilizopindisha misumari mipya. Yeye alikwenda kupatana na vijana wa kubomoa, akarudi na mkokoteni umejaa. Mimi nilipiga msasa na kupaka mafuta. Kazi hiyo tuliifanyia uani, kwenye nyumba tuliyopanga chumba. Mwenye nyumba, bibi wa Kiarabu aliyezaliwa humo humo, hakuwahi kulalamikia vumbi letu.

Kisha mume wangu akapatwa na kiharusi. Aliamka upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Hospitali walituambia mazoezi yatasaidia. Tukafanya mazoezi kwa muda mrefu, lakini mkono haukurudi kwenye randa, ikabidi niishike mimi. Kazi ya randa niliijua kwa macho tu, kwa hiyo trei zangu za kwanza zilicheza zikiwekwa mezani. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akinitazama, na nikikosea alikuwa akigeukia ukutani. Sijui kama ilikuwa hasira au huruma. Hakuwa na namna ya kuniambia.

Tulikuwa hatujazoea hali hiyo, watoto wa bibi wakauza nyumba. Walikuja wote kwa pamoja, wakakaa na mama yao ukumbini mlango umefungwa, halafu wakatoka kututangazia wapangaji tutafute pa kwenda. Mama yao angehamia kwa mwanawe mkubwa, ghorofani, Upanga. Mimi na mume wangu tulipata chumba Buguruni.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, bibi aliniita chumbani kwake. Nikamwamkia, akaitikia, akanikalisha kitandani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka yote niliyokaa pale. Macho yake yalikuwa kwenye mlango.

"Mwanangu, mlango huu aliutia baba yangu," alisema. "Nimeolewa uko hapo, nimezaa uko hapo, nimefiwa uko hapo. Wanasema kule hauna pa kuwekwa. Nitengenezee trei, niwe nanywea chai."

Nilimwahidi. Mwanawe naye alikubali kwamba siku ya kubomoa atawaambia vijana wauweke kando.

Siku hiyo nilifika asubuhi na kukuta paa limeshashushwa. Niliulizia mlango. Msimamizi akasema hakuambiwa chochote, na milango yote imeshachukuliwa na muuza chipsi wa mtaa wa pili, anayetumia kuni. Nikaenda mbio. Mlango ulikuwa umekatwa vipande nyuma ya kibanda, na vile vizuri vilikuwa tayari vinawaka chini ya karai. Nilivitambua kwa rangi ya kijani iliyokuwa ikitoka malengelenge motoni. Yule muuza chipsi hakuwa mtu mbaya. Aliponiona nimekaa chini aliacha kazi yake, akanitafutia vilivyobaki. Vilikuwa vya sehemu ya chini ya mlango, iliyokuwa ikilowa maji ya uani kila mvua ikinyesha, na mchwa walikuwa wameshapita.

Nilivipeleka Buguruni hivyo hivyo. Nilipovitandaza sakafuni, mume wangu aliinama kwenye kiti, akaipapasa ile rangi kwa mkono wa kushoto. Akaujua. Akanionyesha msasa, nikampa, akaanza kusugua polepole, ubao nimemshikia mimi. Alitaka kusema neno. Mdomo ulihangaika, neno halikuja, akaendelea kusugua huku machozi yanamdondoka kwenye mbao. Sikuwahi kumwona akishika kazi tena baada ya hapo.

Trei yenyewe ilitoka ndogo, ya kikombe kimoja na kisahani cha tende. Mashimo ya mchwa niliyaziba kwa vumbi la mbao na gundi.

Nilipoipeleka Upanga, bibi alikuwa ameketi dirishani. Nilimwamkia, akaitikia kama anavyoitikiwa mgeni. Mkwe wake alikuwa ameshaninong'oneza mlangoni kwamba tangu ahame kichwa hakiko sawa. Nikamwekea trei mapajani. Aliishika kwa adabu, akauliza ni ya nani.

"Ni mlango wako, bibi. Ule wa chumbani."

"Mlango wangu uko nyumbani," alisema. "Nimeufunga mwenyewe." Akafungua pindo la kanga, akanionyesha ufunguo. Kisha akainamia sikio langu, akaniomba nimpeleke, maana hapa watu wamemchoka na yeye hataki kuwasumbua.

Nilimwambia tutaenda kesho. Mkwe aliichukua ile trei, akaiweka juu ya friji na kupanga dawa juu yake. Bibi hakuitazama. Alifariki kabla ya mfungo, na msibani sikuiulizia.

Mbao za zamani sasa hakuna. Nyumba za aina ile zimekwisha katika mitaa niliyoizoea, na hao wanaojenga wanatia aluminiamu. Ninatumia mbao za kreti za mizigo, laini, zinazopinda zikipata maji. Juzi nilizungusha trei zangu madukani Kariakoo. Mwenye duka mmoja, Mchaga, mtu wa heshima, aliyekuwa akichukua za mume wangu bila hata kuzigeuza, alizishika moja moja, akaniomba samahani, akanionyesha za plastiki zilizopangwa mpaka darini. Nilimwambia namwelewa. Aliulizia hali ya mgonjwa, nikasema anaendelea vizuri. Nikafunga mzigo wangu, nikarudi Buguruni kumgeuza ubavu na kumpa uji.