Habari ya Asubuhi, Mwalimu

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi njia ya Sirari, karibu na mpaka wa Kenya, na wanaonijua wanajua mdomo wangu haukai na neno. Binti mmoja aliletwa na bibi yake kutoka ng'ambo, Kenya, mama yake akiwa ametoka kuzikwa. Alijua Kijaluo na Kiingereza kilichonyooka. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha kule kwao. Asubuhi ya kwanza alimtazama mwalimu wa taaluma usoni, akatabasamu: "Habari ya asubuhi, mwalimu?"

Lo! Mtoto hajatoa shikamoo! Kule alikotoka hiyo ndiyo adabu, lakini nani alijali? Akapigishwa magoti mstarini, wenzake wakicheka. Nilikwenda kumwinua mwenyewe.

"Madamu, unatuharibia watoto," mwalimu wa taaluma aliniambia. "Huyu arudi darasa la kwanza akajifunze Kiswahili."

Mtoto wa darasa la tano!

Nikaitisha kikao cha walimu. Niliomba mambo madogo: mgeni akae na mwenzake wa lugha moja, na aruhusiwe kuuliza kwa Kijaluo mpaka Kiswahili kikae sawa. Wakasema hapa si Kenya. Nikawaka. "Kwani ninyi nyumbani mnaongea nini? Si Kikurya? Si Kijaluo hichohicho?" Wakainamia simu zao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni ndiye aliyekuwa anaumia. Tukabishana wiki nyingi.

Wakati huo binti alikuwa ananyamaza. Kwanza darasani, halafu hata uwanjani. Siku moja nilimkuta nyuma ya vyoo akijisemesha Kijaluo polepole. Iliniuma, jamani, iliniuma sana. Nikamwomba avumilie kidogo, asiache shule. Akaitikia kwa kichwa.

Hatimaye walimu walikubali. Mwalimu wa taaluma mwenyewe alijitolea kumfundisha Kiswahili mchana. Siku hiyohiyo nikapanda bodaboda kumpelekea bibi habari njema. Nilimkuta anachambua maharage, nikamwamkia, nikaeleza yote kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, amerudi ng'ambo jana. Amekwenda kwa mjomba wake, kulea watoto."

"Na shule?"

"Nilimsihi abaki ajifunze Kiswahili. Akasema cha huku anajua neno moja, linamtosha."

"Neno gani, mama?"

Akaendelea kuchambua, hakuniangalia.

"Nyamaza."