Kiwimbi Juu ya U

Nyanya yangu alijifunza kusoma akiwa tayari na mvi, kwenye darasa la ngumbaru huko Kabazi, na tangu siku hiyo hapendi kusomewa kitu chochote. Kwa hivyo alipomsimulia shangazi maisha yake kwa Kikuyu, naye shangazi akayachapa kwenye simu, alitoa sharti moja tu: Jumapili baada ya kanisa, mbele ya wajukuu wote, atasoma mwenyewe.

Ijumaa simu ya shangazi ikatumbukia kwenye karai la nguo, nyumbani kwake Milimani, ikafa papo hapo. Kilichosalia ni faili ya akiba iliyokuwa mtandaoni, na faili yenyewe ilikuwa kioja. Kila herufi yenye kiwimbi juu, ũ au ĩ, ilikuwa imegeuzwa kuwa mkwaju ulioinama nyuma, herufi u na tarakimu nne: \u0169, \u0129. Ukurasa mzima ulijaa hayo. Mimi mwenyewe macho yaliniuma, sembuse nyanya.

"Niachie mimi," nikamwambia shangazi kwa majigambo.

Kazi yangu ni kuandika programu za mizani ya maziwa kwa lugha ya C, na mtu akiniambia kuna njia rahisi zaidi, mimi hununa. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimemaliza. Programu iliuona mkwaju, ikachukua zile tarakimu, ikapata namba, ikaandika herufi. Nikachapisha, nikampelekea kifua mbele.

Shangazi alisoma mstari wa kwanza, akaketi.

"Wewe, kwani mama yangu alizaliwa kwa nyimba?"

Nikachungulia. Nyũmba, ambayo kwa Kikuyu ni nyumba, ilikuwa imekuwa nyimba. Cũcũ, yaani nyanya mwenyewe, amekuwa Cici. Na kila palipokuwa na ĩ palisimama mabano ya kufunga, ilhali hakuna aliyekuwa amefungua.

"Na huyu Cici ni nani? Bibi wa pili wa baba?" Alicheka hadi akatoa machozi. Mimi niliona aibu, kisha hasira, kisha nikashindwa kujizuia, nikacheka pia.

Kosa lilikuwa la kitoto. Namba niliitia kwenye char, kisanduku cha baiti moja, nayo haikutosha humo. Kichwa kikakatika, mkia ukabaki. 0169 bila kichwa ni 69, na kwa kompyuta hiyo ni i. 0129 hubaki 29, ambayo ni mabano. Nikarudi mezani, nikaigawa kila namba katika baiti mbili: biti sita za mwisho nyuma, zilizosalia mbele. Viwimbi vikarudi vyote.

Jumapili nyanya alivaa miwani, akasimama. Alianza na jina lake, akaishia hapo. Aliweka kidole juu ya ũ iliyomo katika jina hilo, asikiondoe.

"Cũcũ, kuna makosa?" nikauliza.

"Hakuna," akasema. "Kitambulisho hakina hii. Kadi ya hospitali haina. Hata cheti cha ndoa." Akalisoma jina tena, polepole, kama alivyoitwa na mama yake. "Sasa huyu ndiye mimi."

Akaendelea kusoma hadi ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.