Chumba cha Chini cha Mzee Fuko

Watu wa mtaa ule walimwita Fuko, na jina lilimkaa sawasawa, maana sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza chini ya ardhi akiwachimbia watu visima. Visima arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukauka. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, kwenye misiba, kwenye harusi, hata kwenye foleni ya zahanati. Siwezi kumnyima haki yake, ni kweli tupu. Ila mtu akishapatia mara arobaini na moja, masikio yake huanza kuota nyasi.

Sururu ilipoanza kumwelemea, yeye na mkewe wakaamua kujenga nyumba yao. Kiwanja kilikuwa chembamba, kimebanwa na ukuta wa jirani upande mmoja na barabara upande wa pili. Mchora ramani aliwatandazia karatasi mezani na kuwaambia kwa upole kwamba uwezo wao unatosha sebule, jiko, chumba chao cha kulala, na kitu kimoja zaidi. Kitu hicho kingeweza kuwa chumba kidogo cha nyuma, karibu na bafu. Au kingeweza kuwa chumba cha chini ya ardhi, kipana, chini ya sebule, chenye kidirisha usawa wa ua, na ngazi zake ndizo zingekula nafasi ya kile kidogo. Vyote viwili havikuwezekana.

Kwa mkewe hapakuwa na la kufikiria mara mbili. Mama yake mzazi alikuwa anaishi kwa mwanawe wa kiume, koridoni, kwenye kitanda kilichosimamishwa ukutani kila asubuhi ili watu wapate njia ya kwenda jikoni. Tangu siku kiwanja kilipopatikana, yule mke alikuwa akiiona nyumba nzima kwa kitu kimoja tu: mama yake kwenye chumba chenye mlango wa kufunga, hatua nne kutoka bafuni.

Fuko yeye alitaka shimo. Alitoa sababu nyingi, lakini ya kweli hakuitaja. Juu ya ardhi alikuwa mzee kama wazee wengine, wa kusalimiwa na kupitwa. Chini alikuwa mtu. Kule kulikuwa na ubaridi na kimya, na hakuna aliyempinga kule kwa miaka thelathini. Basi akamgeuzia mkewe maneno kwa ufundi: si ni mama huyo huyo atakayefaidi? Atapata chumba mara mbili ya kile cha nyuma. Joto la mchana halitamgusa. Magoti yake yanauma, sawa, atawekewa chuma cha kushikilia ngazini.

"Na maji?" mkewe akauliza.

Hapo ndipo alipoharibu, maskini. Kumuuliza Fuko habari za maji ni kama kumuuliza mwalimu kama anajua kusoma. Mzee akacheka cheko la kuumia, na tangu dakika ile jambo halikuwa tena la chumba cha nani. Lilikuwa la heshima yake.

Na mkewe alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote. Miaka ya mwanzo, walipokuwa hawana uwezo wa kumlipa msaidizi, yeye ndiye aliyemshikia kamba. Walikuwa na lugha yao. Kamba ikivutwa mara moja, ndoo imejaa udongo, ipandishe. Ikivutwa mara mbili, nitoe mimi. Kwenye kisima cha tisa ukuta ulimomonyoka, kamba ikavutwa mara mbili, na yule mwanamke akavuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Alimtoa. Tangu siku hiyo hakupenda shimo la aina yoyote, hata la kupandia mti.

Fuko akasema atachimba shimo la majaribio, wote waone. Sasa sikiliza mambo ya watu wa kazi hii. Mchimba visima hachimbi masika. Anangoja kiangazi kikali, wiki zile ambazo ardhi imepasuka na hata mbwa anahema kivulini, kwa sababu maji utakayoyakuta siku hizo ndiyo maji yasiyohama. Yale ya mvua, yanayopanda na kushuka, Fuko aliyadharau maisha yake yote. Aliyaita wapita njia. Mteja akimwonyesha tope la masika na kusema hapa pana maji, alimcheka mbele ya familia yake.

Basi alifanya alivyozoea. Alingoja wiki kavu kuliko zote, akachimba futi kumi na mbili. Akachukua udongo wa chini kabisa, akaubana kiganjani, akauweka shavuni kama alivyofanya mara arobaini na moja. Mkavu. Alipanda juu, akamwekea mkewe ule udongo mkononi na kumwambia hapa hata kwa dawa hutapata tone. Mkewe aliuangalia, akaumwaga chini, akajifuta mkono kwenye kanga.

Fundi mwashi alijaribu. Alikuwa kijana kuliko Fuko kwa miaka ishirini, na alisema kwa adabu zote kwamba angeonelea wasubiri mvua kubwa zipite kwanza, maana ukuta wa jirani una mstari wa ukungu kwa chini. Fuko alimuuliza amechimba visima vingapi. Fundi akashika koleo lake.

Mama mkwe naye aliulizwa, kwa desturi ya kuuliza tu. Alisema, "Baba, mimi nitakaa popote mtakaponiweka." Fuko alilichukua neno hilo kuwa ni ndiyo.

Nyumba ikaisha, mama akahamia. Na ili nisimwonee mtu, niseme kwamba miezi ile ya kwanza ilikuwa mizuri. Mchana wa joto, juu bati linalia, Fuko alishuka na kiti chake na kukaa na mama mkwe wake kule chini. Mama alichambua maharage, mzee alisimulia visima. Bibi kizee alikuwa anamsikiliza kweli, tena alimuuliza maswali. Alimwambia hajawahi kulala vizuri hivi tangu ujana wake. Fuko alipanda ngazi kifua mbele, na mkewe aliyasikia hayo akiwa jikoni, akaanza kudhani labda yeye ndiye aliyekosea.

Mvua ikaja. Siku ya tisa, saa kumi alasiri, mama aliita kutoka chini, bila haraka, kama mtu anayeomba chai. Alisema ndala zake zinatembea.

Fuko alishuka mbio. Ndala zilikuwa zinaelea katikati ya chumba. Maji hayakuingia kwa dirisha wala kwa ngazi. Yalipanda kutoka sakafuni, polepole, safi kabisa, kama kila kisima kizuri alichowahi kuchimba.

Walimbeba mama, wakamweka sebuleni. Binti yake alimpa kitanda chao, akakataa, akasema haoni sawa kulala kitanda cha mkwewe. Alilala kwenye makochi mawili yaliyounganishwa, na unyevu ukapanda ukutani hadi juu ya kichwa chake, naye akaanza kukohoa. Wiki ya tatu mwanawe wa kiume akaja kumchukua. Hakugomba. Alisimama mlangoni na kusema, "Kwangu ni koridoni, lakini ni pakavu."

Mama alikufa kule koridoni kabla mvua hazijaisha. Asubuhi hiyo kitanda hakikusimamishwa, na watu walipita kwa ubavu kwenda jikoni.

Fuko alimlilia kuliko alivyomlilia mama yake mwenyewe, na hakuna aliyemfuta machozi. Mkewe hakumtukana, hakumnunia, hakuondoka. Alimpikia, alimfulia. Ila aliacha kumuuliza jambo lolote, hata kama chumvi imetosha.

Masika yaliyofuata maji yakarudi, kiunoni sasa. Lazima yatolewe, la sivyo msingi utaoza. Ngazi na ndoo vilimshinda mzee, kwa hiyo aliifunga ndoo kamba, akashuka nayo, na mkewe akasimama uani kwenye kile kidirisha akivuta. Hawakukubaliana kwa maneno. Kamba ikivutwa mara moja, anapandisha, anamwaga, anarudisha. Siku ya kwanza majirani walicheka, wakasema Fuko amepata kisima chake cha arobaini na mbili. Siku ya pili walikuja na madumu kuomba maji ya kufulia, na mkewe akawagawia bila kusema kitu.

Siku ya tatu mzee alichoka kunyamaza. Akiwa kule chini, maji yangali kiunoni, alisema kwa kupaza sauti kidogo kwamba kiangazi kikifika haya yote yatashuka, na chumba kitakuwa kama zamani.

"Mama hakusubiri kiangazi," mkewe akasema, akateremsha ndoo.

Fuko hakuijaza. Alisimama nayo mkononi muda mrefu, akitazama miguu ya mkewe kwenye kidirisha. Halafu akaivuta kamba mara mbili.

Miguu haikusogea kwa kitambo. Kisha kamba yote ilishuka, ncha yake ikaangukia majini karibu naye, na miguu ikaondoka kuelekea kwenye nguo zilizoanikwa. Mzee aliikusanya kamba, akaikunja vizuri kama mtu wa kazi, akapanda kwa ngazi.