Alama za Kuuliza za Mwalimu Kibwana

Usiku ule wa kuamkia siku ya kupeleka kitabu kwa mchapaji, nililala na daftari kando ya mto. Kitabu chenyewe si changu. Ni daftari la marehemu Mwalimu Kibwana, aliyenifundisha Kiingereza. Maisha yake yote alisoma riwaya za kale za Waingereza akikusanya vile vitenzi vyao vya kichaa: “toa” ukiitia “juu”, yaani give up, eti inakuwa kukata tamaa! Maana asiyokuwa na yakini nayo aliiwekea alama ya kuuliza kwa penseli. Binti yake, Mwanaidi, ndiye aliyenipa kazi ya kuliandaa liwe kitabu, kwa jina la baba yake. Nami alama zile nilizifuta zote kwa ufutio, nikabuni maana, mwalimu wangu asije akaonekana hajui.

Basi usingizini nikajiona darasani kwetu, dawati la mbele. Mwalimu akaingia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Haitikii. Na mtu huyu hakuwahi kuacha salamu ya mtoto. Anafungua kitabu, kipya, kinanuka wino, na darasa limeshajaa watoto wa siku hizi, simjui hata mmoja. Anasoma: binti wa kitajiri katimiza miaka kumi na saba, “ametoka”, wazazi wanafanya karamu. Hapo kwenye “ametoka” Mwalimu aliweka alama daftarini. Mimi niliandika, ametoroka kwao.

“Ametoroka kwao!” watoto wanaitikia kwa pamoja.

Mzazi gani huyo afanye karamu mwanawe katoroka? Yarabi, aibu! Nataka kuwanyamazisha, ulimi mzito. Wanaandika, wanaandika tu, na Mwalimu anapapasa mifuko kutafuta penseli. Ninayo mimi. Nimeificha ndani ya ngumi, inanichoma.

Akaniinamia.

“Umenisemesha nisilolijua,” akasema. “Nirudishie ‘sijui’ zangu.”

Nikaamka, kumekucha, ngumi bado nimeikunja. Nikampigia simu Mwanaidi.

“Dada, tusikipeleke kitabu. Baba yako kanituma.”

Nikamweleza yote, hata ule ufutio. Nilikuwa naogopa kweli.

“Salamu yako aliitikia?”

“Hakuitikia.”

“Basi bado anazidai alama zake. Njoo na daftari, tupapase kurasa kwa vidole,” akasema. “Baba alikuwa anakandamiza sana penseli.”