Barua mbili kwenye droo yangu

Leo nimemwandikia mtu barua ya kulalamikia kesi, na anayeshtakiwa ni yeye mwenyewe. Hajui.

Ngoja nieleze vizuri.

Asubuhi, kwenye mkutano wa wazazi, mimi karani wa shule nilisoma matumizi ya mwaka. Nilipofika "malipo ya wakili", watu wakachachamaa.

"Watoto wanakaa chini, ninyi mnalipa wakili?" akasema mzee mmoja mwenye shamba la zabibu nyuma ya shule. Jina nalihifadhi. "Kwani mmeiba nini?"

Wazazi wakacheka.

Mwenyekiti wa bodi akajibu kwamba kesi ni ya mpaka wa shule, na mhusika ameshapelekewa barua ya wakili.

Hajapelekewa. Nilipewa mimi niipeleke, wiki mbili zilizopita. Mhusika ni mzee huyo huyo.

Kila nikimwona naanza na shikamoo, ananiuliza habari za mama, ananipa zabibu. Nashindwa.

Mkutano ulipoisha akaja mezani kwangu. "Mwanangu, wewe umesoma. Niandikie barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, hizo hela za wakili zirudi zinunue madawati."

Nikaandika. Ni barua nzuri, kusema kweli. Akasaini, akaniachia nakala nimtunzie.

Nimeiweka droo moja na ile ya wakili.

Sasa nisaidieni. Nikimpa, atauliza kwa nini nilikaa nayo. Nisipompa, mwenyekiti ataniuliza hilo hilo, na kibarua changu kitaota nyasi.

Kesho saa mbili mzee anakuja. Amesema ataniletea zabibu za shukrani.