Katungu na Maji Yaliyotulia

Saa kumi na mbili asubuhi, Katungu Kahongya anaingia ziwani na gauni lake mpaka maji yanamfika kifuani. Anapapasa mchanga kwa nyayo, akitafuta mashimo. Kabla ya hapo ameukagua ufuko wote, kuona kama kuna alama za kiboko.

Ufuko huu mdogo uko karibu na Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, upande wa Kongo. Mbele yake kuna safu ya miamba. Mawimbi hupasukia huko, na ndani maji hubaki shwari. Lakini safu hiyo ina mwanya. Upepo wa mchana ukivuma, maji hutoka nje kupitia hapo kwa nguvu na kumvuta muogaji hadi kilindini.

"Mutu anaona maji imetulia, anazani ni rafiki," anasema.

Mumewe, Nzanzu, alikuwa mvuvi asiyejua kuogelea. Maji yalimchukua mwanyani mchana kweupe, Katungu akipiga kelele mchangani. Naye hakujua kuogelea.

Baada ya matanga alijifunza peke yake, amekumbatia bidoni tupu, dumu la plastiki. Kamati ya wavuvi ikamweka awalinde waogaji.

"Ba chorale balikuwa banatoka Butembo, banaimba mupaka mangaribi," anawakumbuka wanakwaya. "Sasa njia iko na vita. Nani atakuya kuoga?"

Siku nyingine jua huchomoza na kuzama bila mtu kumsemesha.

Mwezi wa tano alikuja Bénite, mchuuzi wa nguo kutoka Kimemi, mjini Butembo. Upepo ulimkuta karibu na mwanya, maji yakamkokota. Katungu alimfuata, akamgeuza chali, akamkataza kupigana na maji. Yaliwatoa nje ya miamba. Wakazunguka polepole hadi nchi kavu.

"Mama, twende Butembo," Bénite alimsihi. "Huku unalinda nini? Batu hapana."

Bénite alipoondoka, Katungu alilia.

Lakini alibaki. "Batu beko," anasema, akiwaonyesha wanawake wenye ndoo. "Banamuke benye banatekaka maji. Hata moja hayue kuogelea."

Aliwaita waje Jumamosi kujifunza. Hakuja mtu. Jumamosi iliyofuata akaja Jemima, muuza samaki. Katungu anatumaini wengine watamfuata, hadi kila mchota maji ajue kuelea.

Jemima amelala chali majini, macho ameyafumba. Katungu anaondoa mkono mmoja mgongoni mwake, kisha wa pili.

"Mama Katungu, uko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu. Pumua tu."